Profesa Odhiambo: Msomi aliyeichunguza saa ya balehe katika kichwa cha nzige

MKULIMA wa Kisii au Nyamira anapopasua shina la muhindi ulionyauka na kumkuta kiwavi amejikunyata ndani, anachokiona ni hasara. Asichokiona ni kwamba kiwavi huyo bado ni mtoto, na kwamba kichwani mwake mna saa inayoamua ni lini atauacha utoto, awe nondo, ajamiiane na kutaga mayai yatakayoendeleza uharibifu. Saa hiyo ikivurugwa wakati ufaao, kizazi chake hukoma bila ya shamba zima kumwagiwa sumu.

Mmoja wa watu waliotetea kwa nguvu zaidi kwamba mambo ya aina hii yachunguzwe papa hapa Afrika, na wala si katika maabara za ughaibuni pekee, ni marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo. Wengi humkumbuka kama mwasisi wa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana zaidi kama ICIPE. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya vyeo na medali, alikuwa mtafiti kijana aliyeshughulika na swali moja ambalo wengi wangelicheka: ni kitu gani kinachomfanya nzige dume abalehe?

Odhiambo alizaliwa Februari 4, 1931 mjini Mombasa, ingawa chimbuko la jamaa yake lilikuwa Nyanza, magharibi mwa Kenya. Alisoma katika Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka wa 1906. Kutoka hapo alijiunga na Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambacho enzi hizo kilikuwa tegemeo la vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa na kiu ya elimu ya juu.

Sayansi aliyoikuta haikuwa imepangwa kumfanya Mwafrika mgunduzi. Vituo vya utafiti wa kilimo vilikuwepo, lakini vilijishughulisha zaidi na mazao ya kuuzwa ng'ambo kama vile pamba, kahawa na chai. Maswali yaliulizwa na Wazungu. Waafrika waliajiriwa kama wasaidizi wa kukusanya, kupima na kuandika.

Ni katika mazingira hayo ambapo Odhiambo alifanya kazi katika idara ya kilimo ya Uganda, kwenye kituo cha utafiti cha Kawanda, karibu na Kampala. Alichambua jamii za kunguni wanaofyonza mimea, akazipanga na kuzieleza aina zao. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Lakini jicho lake lilikuwa likitazama mbali zaidi ya orodha ya wadudu waharibifu.

Mwaka wa 1958 alieleza habari za mdudu mwindaji ambaye hujibebesha mizoga ya siafu na sisimizi aliowafyonza, akaigeuza kuwa vazi la kujifichia. Mwaka uliofuata aliandika kuhusu mdudu mwingine wa jamii hiyo, Rhinocoris albospilus, ambaye dume wake ndiye alezaye. Katika wadudu walio wengi, baba akishajamiiana huenda zake na asionekane tena. Dume huyu hubaki juu ya mayai, akiyalinda dhidi ya nyigu wadogo wanaotaka kutaga yao ndani yake.

Kutokana na kazi hizo yaonekana kwamba Odhiambo alikuwa tayari amevutwa na mambo ya uzazi: nani huzaa, huzaa lini, na ni nini humwelekeza. Swali hilo alilichukua hadi Uingereza, alikojiunga na Queens' College katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Huko aliangukia mikononi mwa mwalimu ambaye jina lake lilikuwa kilele cha taaluma hiyo duniani. Vincent Wigglesworth alikuwa ameonyesha, katika miaka ya 1930, kwamba utoto na utu uzima wa mdudu hutawaliwa na homoni zinazotoka kichwani. Alitumia kunguni wa Amerika Kusini anayefyonza damu, Rhodnius prolixus. Mdudu huyu ana tabia ya ajabu: akikatwa kichwa, mwili wake huweza kuishi kwa miezi kadhaa. Wigglesworth alitambua kwamba kichwa kikikatwa mapema baada ya mdudu kunywa damu, mwili haujibadilishi tena. Kikikatwa siku chache baadaye, mwili huendelea kujivua gamba kana kwamba amri imekwisha kupokewa.

Kabla yake, Stefan Kopeć wa Poland alikuwa amefikia hitimisho linalokaribiana na hilo kwa kutumia viwavi, yapata mwaka wa 1917. Wakati huo lilikuwa wazo geni mno, kwa sababu ubongo ulidhaniwa kuwa kituo cha neva tu. Kwamba ubongo pia ni tezi, unaomimina kemikali katika damu na kuuamuru mwili ukue au usubiri, halikuwa jambo lililokubalika kwa urahisi.

Utaratibu wenyewe, jinsi unavyofahamika leo, ni huu. Chembe fulani za ubongo wa mdudu hutoa homoni inayoiamsha tezi iliyo kifuani. Tezi hiyo nayo humwaga homoni ya kujivua gamba. Nyuma kidogo ya ubongo mna jozi ya tezi nyingine, ndogo mno, zinazoitwa kopora alata. Hizi hutoa homoni ambayo wataalamu waliipa jina la homoni ya uchanga. Mdudu akijivua gamba huku homoni ya uchanga ikiwa nyingi, hubaki mtoto, ila mkubwa zaidi. Homoni hiyo ikipungua, gamba linalofuata humtoa akiwa mtu mzima.

Kwa maneno mengine, utoto wa mdudu si hali ya kukosa kitu. Ni hali inayolindwa. Kuna breki iliyokanyagwa, na siku ya kukua ni siku ambayo breki hiyo huachiliwa.

Hata hivyo, lililomshughulisha Odhiambo ni yale yanayofuata baada ya hapo. Nzige wa jangwani akishapata mabawa si kwamba yuko tayari kuzaa. Anayesafiri katika kundi huwa na rangi ya waridi. Anaweza kuruka mamia ya kilomita na kula kila jani, na bado hajabalehe. Anaweza kukaa hivyo kwa wiki chache au kwa miezi mingi, akingoja mvua. Mvua inapokaribia na chakula kibichi kikapatikana, rangi yake hugeuka kuwa ya manjano, akaanza kutafuta mwenzi. Jike naye huchimba udongo wenye unyevu na kutaga.

Odhiambo alichagua kumfuatilia dume. Wengi waliotangulia walikuwa wamevutwa na jike na mayai yake. Yeye alichunguza kwa darubini ya elektroni muundo wa kopora alata za dume aliyekomaa, na pia tezi saidizi za uzazi, yaani mirija inayotengeneza majimaji yanayobeba mbegu. Alifuatilia pia mabadiliko ya mafuta mwilini na wepesi wa mdudu mwenyewe.

Majaribio ya aina hiyo, yake na ya wenzake wa zama hizo, yalifunua jambo la kushangaza. Dume aliyeondolewa kopora alata akiwa bado kijana hakupata rangi ya manjano na hakuonyesha hamu ya kawaida ya kujamiiana. Mafuta yalijilimbikiza mwilini mwake, naye akawa mzito, asiyetembeatembea kama wenzake. Homoni ile ile iliyomshikilia katika utoto alipokuwa tunutu, sasa ndiyo iliyomsukuma kuingia katika uzazi. Mwili ulikuwa umebadilisha maana ya ujumbe bila ya kubadilisha mjumbe.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1966 katika majarida ya kisayansi ya Uingereza. Wakati huo alikuwa amekwisha kutunukiwa shahada ya uzamifu, mwaka wa 1965, na kurejea nyumbani kufundisha zuolojia katika chuo kikuu jijini Nairobi.

Huenda msomaji akauliza nzige anahusianaje na binadamu. Jibu lilikuwa limeanza kuonekana mapema. Ernst na Berta Scharrer, mume na mke waliohama Ujerumani na kwenda Marekani mwaka wa 1937, walionyesha kwamba mpangilio wa ubongo na tezi zilizo nyuma yake katika wadudu unafanana kimsingi na ule wa ubongo na tezi ya pituitari katika wanyama wenye uti wa mgongo. Viungo si vile vile, na homoni si zile zile. Lakini mpango ni mmoja: neva hupokea habari za ulimwengu, ubongo huzigeuza kuwa homoni, na homoni huipa tezi amri.

Katika binadamu amri hiyo hutoka sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Humo mna neva chache sana, zipatazo elfu moja na ushei, zinazotoa homoni ambayo kwa kifupi huitwa GnRH. Homoni hii haimwagwi mfululizo. Hutoka kwa mipigo, kama ngoma, mpigo mmoja baada ya mwingine kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Pituitari huusikia mdundo huo, ikatoa homoni zake mbili ambazo huziamsha ovari za msichana au korodani za mvulana.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba ngoma hiyo hupigwa pia mtoto anapokuwa mchanga wa miezi michache. Kisha hunyamazishwa. Kwa miaka mingi ubongo huizuia, hadi wakati fulani inapoanza tena kulia, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini, kisha mchana na usiku. Hapo ndipo balehe huanza. Kwa wasichana walio wengi dalili za kwanza huonekana kati ya umri wa miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Mtoto anayezianza mapema zaidi ya hapo, au asiyezionyesha kabisa baada ya umri huo, anafaa kupelekwa kwa daktari, si kwa mganga wala kwa majirani wenye ndimi kali.

Miongoni mwa Abagusii, mvulana hupashwa tohara wakati wa likizo ya Desemba, mara nyingi akiwa hata hajabalehe, na jamii huanza kumhesabu kuwa amevuka. Hiyo ni kalenda ya ukoo. Kalenda ya mwili ni nyingine, nayo hutungwa na ubongo kwa kupima mambo mengi, ikiwemo lishe. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha au aliyeugua kwa muda mrefu huweza kuchelewa kubalehe, kwa sababu ubongo haupokei habari kwamba mwili una akiba ya kutosha. Nzige naye hungoja mvua na majani.

Muundo wa GnRH uligunduliwa mwaka wa 1971, baada ya makundi mawili ya watafiti nchini Marekani kuchuja maelfu kwa maelfu ya vipande vya ubongo wa nguruwe na kondoo. Viongozi wao, Andrew Schally na Roger Guillemin, walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1977. Hata hivyo, swali la ni nani anayempigia mpiga ngoma lilibaki bila jibu kwa miaka zaidi ya 30.

Odhiambo alikuwa na sababu ya kuyafahamu mambo hayo kwa karibu, kwani mmoja wa washirika wake wakuu alikuwa ametajirika kutokana nayo. Huyo ni Carl Djerassi, mwanakemia mzaliwa wa Vienna. Mwaka wa 1951, katika maabara ya jijini Mexico, Djerassi na wenzake George Rosenkranz na Luis Miramontes walitengeneza homoni iliyokuja kutumika katika tembe za kupanga uzazi. Tembe hizo hufanya kazi hasa kwa kuuambia ubongo na pituitari zisitoe amri ya yai kupevuka. Djerassi alikuwa pia mmoja wa walioona kwamba kanuni hiyo hiyo ingeweza kugeuzwa dhidi ya wadudu: mpe mdudu homoni ya uchanga wakati asiouhitaji, naye atakwama katikati ya utoto na utu uzima, asizae.

Mwaka wa 1967 Odhiambo alichapisha katika jarida la Science makala kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi hizi, zilizokuwa zimejipatia uhuru miaka michache tu iliyotangulia, hazingeweza kuendelea kwa kuazima majibu. Zilihitaji wanasayansi wake zenyewe, wengi wa kutosha kuulizana na kukosoana, na mahali pa kufanyia kazi bila ya kulazimika kuhamia ng'ambo. Djerassi, ambaye naye alikuwa akitetea wazo la vituo vya utafiti vya hali ya juu katika nchi maskini, aliliunga mkono.

Ndivyo ilivyozaliwa ICIPE mwaka wa 1970, kwa msaada wa akademia za sayansi za nchi kadhaa. Kilianza katika majengo duni ya muda eneo la Chiromo, Nairobi. Uamuzi wa kukiita kituo cha fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, haukuwa wa bahati nasibu. Odhiambo aliamini kwamba hauwezi kumshinda adui ambaye huujui mwili wake.

Hapo ndipo palipokuwa na mzozo ulioifuata kazi yake maisha yake yote. Kenya ya miaka hiyo ilikuwa na njaa, magonjwa na shule chache. Je, ilikuwa busara kutumia fedha kuchunguza tezi za nzige? Kwa wengi, Afrika ilihitaji mbegu, mbolea na dawa ya kunyunyiza, si darubini ya elektroni. Utafiti wa msingi ulionekana kuwa anasa ya mataifa tajiri.

Odhiambo alilipinga wazo hilo kwa maisha yake. Dawa zilizokuwa zikinyunyiziwa, DDT miongoni mwazo, ziliwaua wadudu wema na wabaya, nao wabaya walizoea na kurudi. Mkulima mwenye ekari moja ya mahindi hakuwa na uwezo wa kununua sumu kila msimu. Aliyehitaji elimu ya ndani zaidi, kwa hoja yake, ni huyo mkulima maskini, kwa kuwa hana pesa za kukosea.

Wakazi wa Kisii na Nyamira walikuwa na mfano wa karibu. Kwa miongo mingi wakulima wa nyanda hizo za juu walikuza pareto, maua meupe ambayo kemikali zake hushambulia neva za mdudu na kumwangusha mara moja. Kenya iliongoza ulimwenguni kwa zao hilo hadi malipo yalipoanza kucheleweshwa na wakulima wengi wakang'oa mimea yao. Pareto huua kwa neva. Kuna miti mingine inayofanya kazi kwa homoni. Mwarobaini, unaofahamika na kila nyanya wa pwani, una kemikali iitwayo azadiraktini inayovuruga utoaji wa homoni za mdudu, hivi kwamba anashindwa kujivua gamba au kuzaa. ICIPE ilikuja kuwa moja ya taasisi zilizoutafiti mti huo kwa dhati.

Odhiambo aliusogeza pia utafiti karibu na mashamba. Kituo cha Mbita kilijengwa ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, jirani ya Kisii. Enzi za ukoloni, Mbita na nchi ya Abagusii zilikuwa ndani ya wilaya moja ya Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka mji wa Kisii. Viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi na mtama hawakuijua mipaka hiyo.

Adui mkuu katika nyanda za juu ni kiwavi aitwaye Busseola fusca. Mdudu huyu anajua kusubiri. Kunakoingia kiangazi, baadhi ya viwavi hulala ndani ya mabua kwa miezi kadhaa, utu uzima wao ukiahirishwa kwa amri ya homoni, hadi mvua inaporejea. Ndiyo maana wataalamu huwashauri wakulima wasiyaache mabua shambani baada ya mavuno, bali wawalishe ng'ombe au wayaozeshe yawe mbolea. Ushauri huo mdogo, usiogharimu chochote, una maana kwa anayejua kwamba ndani ya bua kavu kuna mtoto anayengoja siku yake.

Kutoka Mbita ulitokea pia mtindo unaojulikana kama sukuma-vuta, ulioendelezwa kuanzia miaka ya 1990 chini ya Zeyaur Khan pamoja na washirika kutoka Uingereza na Kenya. Mkulima hupanda desimodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembezoni. Harufu ya desimodiamu humfukuza nondo jike anayetafuta pa kutaga, na nepia humvuta. Aidha, desimodiamu huzuia gugu la striga na kurutubisha udongo, huku nyasi zikilisha ng'ombe. Kisii ni miongoni mwa maeneo ambako wakulima waliupokea. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipoingia Kenya mwaka wa 2017, ilibainika kwamba mashamba ya aina hiyo hushambuliwa kidogo kuliko mengine.

Mtindo huo hautumii homoni. Lakini umejengwa juu ya imani ile ile ya mwasisi: kwamba wakati wa kumkabili mdudu ni pale anapokaribia kuzaa, na kwamba anayejua kinachomwongoza saa hiyo ana silaha kuliko mwenye bomba la sumu.

Odhiambo mwenyewe alilipa gharama. Kila taasisi aliyoijenga ilimwondoa hatua moja kutoka kwa darubini. Alikuwa profesa wa kwanza wa entomolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mkuu wa kwanza wa kitivo chake cha kilimo. Alishirikiana na mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan kuunda akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea mwaka wa 1983. Mwaka huo huo ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika vilianzisha mpango wa pamoja wa kuwafunza vijana wa Kiafrika hadi shahada ya uzamifu katika elimu ya wadudu. Mwaka wa 1985 aliongoza kuundwa kwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, akawa rais wake hadi 1999. Mwaka wa 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegal walikuwa wa kwanza kupewa Tuzo ya Afrika ya uongozi katika vita dhidi ya njaa.

Mtu aliyeanza kwa kupasua nzige alimaliza akiwa mtu wa mikutano, safari na maombi ya ufadhili. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka nje ya bara. Hili lilikuwa jeraha lisilopona katika kazi ya Odhiambo: kituo kilichoasisiwa ili Afrika ijitegemee kifikra kilitegemea mifuko ya wengine. Aliondoka katika uongozi wa ICIPE mwaka wa 1994, na nafasi yake ikachukuliwa na Hans Herren wa Uswisi.

Odhiambo aliaga dunia Mei 26, 2003 akiwa na umri wa miaka 72. Miezi michache baadaye, makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na jingine la Marekani, yalitangaza kwamba yamempata aliyekuwa akitafutwa kwa muda mrefu, yule anayempigia mpiga ngoma. Walichunguza familia ambazo baadhi ya watoto wao hawakubalehe, wakakuta hitilafu katika kipokezi cha homoni ya ubongo iitwayo kisipeptini. Bila kisipeptini, neva za GnRH hazipati amri ya kuamka. Ugunduzi huo ulifungua njia mpya ya kuwaelewa watoto wanaobalehe mapema mno, wasiobalehe, na wanandoa wanaokosa watoto. Swali alilolishughulikia kwa nzige dume lilikuwa limepata ndugu yake kwa binadamu.

Miaka 16 baadaye, mwishoni mwa Desemba 2019, makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya kupitia kaskazini mashariki. Ulikuwa uvamizi mbaya zaidi nchini kwa kipindi cha miaka 70. Kundi la ukubwa wa kilomita moja mraba huweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Maafisa waliotumwa mashinani waliagizwa watazame rangi. Kundi la waridi lilimaanisha wasafiri wenye njaa ambao hawajawa tayari kuzaa. Kundi la manjano lilimaanisha kwamba mayai yako njiani, na kwamba baada ya wiki chache ardhi ingetoa tunutu. Kila aliyesoma rangi hizo alikuwa akisoma kazi ya homoni.

Mataifa ya Afrika yaliahidi katika Mpango wa Lagos wa 1980, na yakarudia ahadi hiyo katika Umoja wa Afrika, kutenga angalau asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Walio wengi hawajaifikia. Wakati huo huo, kituo cha Mbita kimepewa jina la Thomas Odhiambo, na mamia ya wasomi waliopitia mpango wa mafunzo ya wadudu wametawanyika katika vyuo na wizara kote barani.

Vijana wanaosomea biolojia leo katika shule za Kisii na Nyamira wanasoma habari za haipothalamasi, pituitari na homoni ya uchanga kama mambo ya mtihani. Umbali wa kutoka madarasa hayo hadi Mbita ni wa saa chache tu kwa matatu. Odhiambo alihakikisha kwamba huko mwisho wa safari kuna maabara. Kama itakuwa na fedha za nyumbani za kumpokea kijana mwenye swali, hilo aliwaachia waliobaki.